Kujuana Si Kutumana

Yule mwalimu mstaafu niliyemtaja katika makala yangu ya mwaka ule wa hofu alikuwa mwalimu wangu mwenyewe. Nimelikana hilo kwa miaka. Nimekana mbele ya mama yangu, mbele ya mume wangu, mbele ya mhariri ambaye hata hakuwa ameniuliza, na mara moja nimekana mbele ya mwenyewe, kikombe chake cha chai kikiwa mkononi mwangu. Nilisema ni mtu wa kubuni, nimemuunga kutokana na watu watatu au wanne, kama sisi waandishi tunavyofanya. Sikumuunga. Nilimchukua mzima mzima, na baiskeli yake.

Nitamwita Mwalimu wa Historia, kwa sababu ndivyo Kibiti nzima inavyomwita, wakiwemo watu wazima ambao hakuwafundisha hata siku moja. Ukoo wake na mahali alipozaliwa sina haja navyo hapa. Itoshe kwamba kwao ni Mohoro, kwenye familia za wafanyabiashara wa zamani, jambo ambalo alilitaja tu pale alipotaka kueleza kwa nini hanunui hata nyanya bila kuigeuza mara mbili.

Alitembea na chaki. Si darasani tu. Hata sokoni, hata msibani, mkobani mwake kulikuwa na kipande cha chaki kilichofungwa kwenye karatasi. Muuza samaki wa njia panda akiandika "samaki wabichi na wakukaanga" kwenye kibao chake, Mwalimu angeshuka kwenye baiskeli, atenganishe maneno, arudi kwenye baiskeli na kuondoka bila kununua. Muuza samaki alikuwa akilalamika: "Mama huyu ananipa kazi ya nyumbani kila wiki, samaki hanunui." Lakini kile kibao hakukifuta.

Redio yake ilikuwa ya mawimbi mafupi, na waya wake wa kunasia sauti aliufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo siku ya kufua, dunia ilikuwa haisikiki. Siku nyingine zote alisikiliza idhaa za Kiswahili za ng'ambo, moja baada ya nyingine, habari ileile, kisha akazima. Nilimuuliza siku moja kwa nini anasikiliza habari moja mara tatu. Akasema, "Shahidi mmoja anasimulia. Mashahidi watatu wanapishana. Mie nasikiliza pale wanapopishana."

Ukisikia hivyo unaweza kudhani alikuwa mtu wa haki asiye na doa. Ngoja nikusimulie habari ya sukari.

Kwa miaka mingi Mwalimu aliamini kwamba jirani yake, mama mmoja mpole aliyekuwa akimsaidia kuchota maji, alikuwa akimwibia sukari. Kopo lilikuwa linapungua. "Anachota yule," alikuwa akituambia sisi wanafunzi tukimpelekea madaftari.

"Umemwona, Mwalimu?"

"Sina haja ya kumwona. Namjua."

Miaka ikapita, daktari akampima Mwalimu akamkuta na kisukari, akamkataza, na kopo likaacha kupungua. Ndipo ikajulikana ni mkono wa nani uliokuwa ukiingia humo usingizini na mchana kweupe. Alikwenda kwa jirani, akamwambia yote. Sikuwepo, lakini jirani mwenyewe alinisimulia kwamba Mwalimu alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema, "Nilikuhukumu mwenzangu, na mwizi ni mie." Jirani alicheka mpaka akaketi chini. Kumbe alikuwa akijua muda wote anachoshukiwa. "Ningesema nini?" aliniambia. "Ukibishana na mwalimu anakuandikia ubaoni."

Namshukuru kwa hilo kuliko masomo yote. Watu wengi wamenifundisha kuwa sahihi. Ni yeye peke yake niliyemwona akijifunza kukosea hadharani, na somo hilo, kama mtakavyoona, nilichelewa kulielewa.

Sasa somo lenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu, miezi ile kabla Marekani haijaingia Iraki. Barazani, msikitini na kwenye vijiwe vya kahawa mazungumzo yalikuwa hayo tu. Na sisi hatukuhitaji kuelezwa gaidi ni nani. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulikuwa umelipuliwa tungali shule ya msingi. Mdogo wake Mwalimu alikuwa akipita barabara ya karibu siku ile, na tangu hapo ukimsemesha ilibidi uzunguke upande wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Kwa hiyo mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliponyanyua mkono hakuwa akitania.

"Mwalimu, wamesema redioni kwamba serikali ya Iraki na magaidi wana uhusiano. Wamekutana, wanajuana. Basi si wapigwe tu yaishe?"

Upande wa pili ukalipuka. "Uongo! Wanasingiziwa kwa sababu ni Waislamu!"

Mwalimu aliugeukia upande wa pili kwanza. "Wewe umejuaje kuwa ni uongo? Kwa sababu ni wenzako? Hebu kaa. Huo nao si ushahidi, huo ni undugu." Kisha akamgeukia wa nyuma. "Na wewe, swali lako zuri. Tulijibu. Leo tunamtafuta mwizi wa kuku."

Wiki ile kuku wa mkuu wa shule alikuwa ameibwa, na mwizi alikuwa amejulikana: kijana mmoja fundi wa kuezeka makuti, aliyekutwa na manyoya nyuma ya kibanda chake. Mwalimu aliandika upande mmoja wa ubao MWIZI WA KUKU, na upande mwingine akaandika MWALIMU WA HISTORIA. Akainua chaki. "Nipeni uhusiano. Kila mwenye uhusiano, mstari."

Tulianza kwa haya, tukamaliza bila haya. Mwalimu ananunua maandazi kwa mama wa mwizi: mstari. Mwizi ndiye aliyemwezekea Mwalimu nyumba: mstari. Bibi zao wote wawili walitoka Mohoro: mstari. Waliwahi kuonekana wamesimama pamoja njia panda: mstari mnene. Ijumaa kulinukia mchuzi wa kuku kwa Mwalimu, akasema mmoja wetu aliyekuwa jirani yake, na darasa likapiga kelele kama uwanja wa mpira.

Mimi nilikuwa kiranja, na kiranja hakubali kushindwa. Nikasimama nikasema, "Mwalimu, juzi nilikuona unampa kitu. Ulikificha kwenye karatasi."

Akanigeukia. "Huu ndio bora kuliko yote," alisema, na akanichorea mstari mara mbili. "We mtoto utafika mbali. Mungu atukinge."

Ubao ulikuwa umejaa. Akasimama katikati ya mistari, mikono kiunoni. "Haya. Kila mlichosema ni kweli. Maandazi kweli, makuti kweli, Mohoro kweli. Ile karatasi ilikuwa na dawa ya macho ya mama yake. Kweli tupu. Basi mimi nimeiba kuku. Nipigeni."

Akatutazama dawati baada ya dawati.

"Nani aliniona na kuku?"

Akaielekeza chaki kwa mvulana wa nyuma.

"Nani alinisikia nikimwambia yule kijana, nenda kamchukue?"

Ndipo aliposema neno lililobaki nami maisha yangu yote: "Kujuana si kutumana. Hapa kwetu, kutoka Mloka mpaka kwenye mikoko, nani hamjui nani? Ukiwapiga wote wanaojuana, atabaki nani wa kuwazika?"

Yule mvulana wa nyuma hakukubali kirahisi. "Lakini Mwalimu, si wanasema yule mtawala ni mkatili? Anaua hata watu wake."

"Ni mkatili. Sijasema ni mtu mwema. Lakini hata mwizi husingiziwa, mwanangu. Ukimsingizia mwizi kosa lisilo lake, umeacha kumshtaki kwa kosa lililo lake."

Vita vilianza wiki chache baadaye. Tulivisikiliza chini ya dirisha lake, na siku hizo hakufua nguo. Mwaka uliofuata, tulipokuwa tukijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, redio ikaanza kusema kwamba ule uhusiano uliosemwa ulitafutwa na haukuonekana kama ulivyosemwa. Baadhi yetu tuliingia darasani tukishangilia, tukitarajia atajisifu. Hakujisifu. Aliandika juu ya ubao, kwa herufi kubwa, MASAHIHISHO, akapiga mstari chini yake, kama tulivyofanya katika madaftari yetu kila tulipokosea. Chini ya mstari hakuandika kitu.

"Haya," alisema, "nani anayafanya?"

Alikaa kwenye kiti kipindi kizima. Kengele ilipogongwa akasema, "Daftari lako ukikosea unaandika upya. Watu waliokufa unawaandika upya wapi?" Akaondoka bila kufuta ubao.

Nimesimulia kisa hiki kwenye semina nyingi. Nilikisimulia chuo kikuu, nikapewa alama ya juu. Nimekiandika mara mbili magazetini, mara ya kwanza nikimtaja "mwalimu wangu mmoja", mara ya pili nikiwa nimejisahau na kulitoa lile neno kama langu. Watu walinipigia makofi. Nilikuwa, kwa kifupi, mtaalamu wa vita vya watu wengine.

Hapo naingia kwenye madungu.

Mtu asiye wa Rufiji nimweleze. Mpunga unapokaribia kuiva bondeni, ndege wanashuka kama mvua, na nguruwe nao hawako mbali. Familia huhamia mashambani, kwenye vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ndiyo madungu, na kazi ya watoto na vijana ni kuamia ndege: kupiga madebe, kurusha madongo kwa kombeo, kupiga kelele kutwa. Wiki hupita. Shule hubaki na madawati. Kila mwaka wakubwa wa elimu hulalamika kuhusu utoro, na kila mwaka mpunga huiva bila kuwauliza.

Mwalimu wa Historia alilimaliza tatizo hilo kwa namna yake. Kama wanafunzi wamekwenda bondeni, basi shule nayo iende. Alipanda baiskeli mpaka Mtunda, akaisukuma kwenye matope, akapanda ngazi ya dungu na ubao mdogo mgongoni. Alifundisha kwa mapigo: sentensi mbili, madebe, sentensi mbili, madebe. Mimi nilijifunza Majimaji nikiwa na kombeo mkononi. Mpaka leo nikisoma habari za vita vile masikio yangu yanangojea debe. Alipostaafu hakuacha, aliongeza. Vijana wa madungu manne matano walikuwa wakikusanyika kwenye moja, yeye katikati, na miongoni mwao walitoka wauguzi, mafundi, na mwandishi mmoja wa insha.

Kisha ukaja ule mwaka wa hofu. Watu walikuwa wakiuawa Kibiti na wauaji hawakujulikana. Nilikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na sikuwa nimekanyaga nyumbani kwa miaka miwili. Mhariri akaniambia, "Wewe si wa kule? Tupe kitu cha ndani."

Nilikuwa na mchana mmoja. Sikuwa na cha ndani chochote. Nilikuwa na kumbukumbu, na hamu ya kuonekana najua. Nikaandika kwamba vijana wa kule wana kawaida ya kutoweka majumbani kwa wiki nzima nzima. Kweli. Kwamba hukusanyika sehemu za mbali, mashambani, kwenye vibanda. Kweli. Kwamba kuna mwalimu mstaafu, msikilizaji wa redio za nje, ambaye huwafuata huko kwa baiskeli. Kweli. Kisha nikauliza: "Je, wanafundishwa nini huko, na nani anajua?"

Nilijua mimi. Nilijua vizuri sana. Walikuwa wanafundishwa Majimaji. Lakini neno "kutoweka" lilimpendeza mhariri, na neno "kuamia ndege" lingeharibu aya yote. Kila nukta ilikuwa ya kweli. Mstari ndio ulikuwa wangu. Niliuchora mara mbili, kama zamani.

Nilijitetea kwamba nimeuliza tu. Chuo kikuu walitufundisha kujificha nyuma ya alama ya kuuliza. Tatizo ni kwamba alama ya kuuliza haikufika Kibiti. Ilidondoka njiani, pengine pale Kimanzichana. Iliyofika ni sentensi.

Mwenyekiti wa kijiji alimfuata Mwalimu, kwa heshima zote, akamwomba apumzike bondeni "kwa usalama wako, Mama". Aliitwa mara mbili kujieleza, akaenda na madaftari ya watoto kwenye kapu. Hakuna aliyemdhuru. Lakini wazazi waliwazuia watoto wao. Nani angewalaumu, katika mwaka kama ule? Mwaka uliofuata waliendelea kuwazuia, na uliofuata. Msichana mmoja aliyekuwa amebakiza mtihani wa kidato cha nne hakuufanya. Hilo nililisikia kwa mama yangu, akiwa ananiangalia usoni kuona kama nitapepesa macho. Nikasema, "Maskini," nikabadilisha mazungumzo.

Nilikwenda kumwona Mwalimu mara moja baada ya hapo. Benchi la barazani kwake, ambalo zamani ulilazimika kusukumana na wenzako upate kulikalia, lilikuwa na kapu la ukili na paka. Alinikaribisha chai isiyo na sukari, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina yao. Kisha akasema, bila kubadili sauti:

"Nasikia uliandika habari za huku."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini yule mwalimu wa mle si wewe. Ni mtu wa kubuni tu."

"Ahaa." Akapuliza chai yake. "Mtu wa kubuni."

"Ndiyo. Nimemuunga."

"Basi ukimwona mpe salamu zangu. Mwambie madungu yamekuwa kimya, ndege wamenenepa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliinuka akanifungia mchele wa bondeni kilo mbili, akanisindikiza mpaka barabarani, akaniombea dua ya safari. Nilipanda gari nikijiambia kwamba ameniamini. Mtu mwenye shahada mbili anaweza kujiambia mambo mengi kati ya Kibiti na Dar es Salaam.

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa jikoni nachambua mchele wa dukani simu ilipoita. Macho ya Mwalimu yamepungua siku hizi, na anazungumza na simu kana kwamba simu ndiyo yenye tatizo la kusikia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Umekaa?"

"Nimekaa." Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Mpunga unaiva. Jana kulikuwa na kikao Mtunda. Wazazi wanataka nirudi bondeni, kuna watoto tisa wa kidato cha nne mwaka huu. Wote wamekubali, isipokuwa mama mmoja. Kasimama, kasema, gazeti lilisema."

Nikaurudia mchele kwenye ungo.

"Nikamwambia, mwenzangu, gazeti lilisema zamani. Akasema, lilisema, na halijasema vingine. Wengine nao wakaanza kutazamana, kikao kikavunjika. Mie naona ana haki. Kilichoandikwa hakifutwi kwa mdomo."

Nyuma yake kulikuwa na mlio ninaoujua. Debe.

"Nani anapiga debe, Mwalimu?"

"Mie. Kuna nani mwingine?"

Nikamwona: miaka sabini, macho nusu, simu kwenye sikio moja na fimbo mkono wa pili, juu ya dungu, peke yake na ndege wote wa Rufiji. Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye ungo. Nikasema, "Mwalimu, yule mwalimu wa kwenye makala."

"Yupi?"

"Hakuwa mtu wa kubuni. Ni wewe. Na nilijua mlikuwa mnaamia ndege."

Debe likapigwa mara mbili, likanyamaza.

"Ee," alisema. "Nilikwisha kukusahihishia siku ileile gazeti lilipoletwa. Ninalo sandukuni."

"Ulinipa ngapi?"

"Kiswahili nilikupa zote. Ushahidi, sifuri. Chini nikaandika: njoo tuonane. Ukaja, ukanywa chai, ukaondoka."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Msamaha nilitoa zamani, ule haukuwa wa kungojana. Mimi mwenyewe si nilisimama mlangoni kwa watu, kwa ajili ya sukari? Ninachotaka kwako ni masahihisho. Andika palepale ulipoandika. Andika tulikuwa tunafanya nini bondeni. Nitamsomea yule mama. Akikataa, atakuwa amekataa kilicho kweli."

"Nitaandika leo." Kisha mwandishi ndani yangu, ambaye hafi, akauliza: "Na jina lako niliweke? Ili watu wajue wazi kuwa..."

"Jina la nini? Mara ya kwanza hukuliweka, na walinijua wote mpaka Mohoro. Andika vilevile. Watanijua."

Akakata simu, maana ndege walikuwa wamekwisha kutua.